Uliza Ticha: Projekta imeletwa, darasa bado linasinzia

Mwezi huu barua nyingi zimefanana, wengi mnauliza habari za simu, kompyuta na darasa lililopooza, kwa hiyo nimechagua nne. Wale wa uhamisho na kupandishwa daraja mnisamehe tu, hayo yako juu ya uwezo wangu.

Ticha habari za kazi. Nafundisha Fizikia kidato cha tatu, shule ya serikali mkoani Singida, darasa lina watoto 80 na ushee. Tuliletewa projekta na laptopu na wafadhili, nikajipinda nikatengeneza slaidi zenye rangi na picha, wiki ya kwanza walishangilia, sa hivi nikizima taa tu wanalala. Nikiuliza kitu wote "ndiyo mwalimu". Nifanyeje? — Mwalimu wa Fizikia, Singida

Pole mwalimu mwenzangu, na wala usijilaumu. Slaidi ni ubao ule ule ila huu unakula umeme, na watoto 80 waliotoka nyumbani bila chai ukiwazimia taa unategemea nini bana. Mtoto anakaa macho akishajitosa, yaani ameshasema mbele ya wenzake kwamba itakuwa hivi na sasa anasubiri aone kama ataumbuka au atatamba.

Jaribu hii, iko kwenye mada ya joto na ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu pale Magamba Sekondari, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu wao maziwa yanachemshwa na sukari, yanapoa, ndo yanaingia kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa, akaona akisubiri yapoe atakosa, akayaingiza ya moto vile vile. Ya kwake yakaganda, ya mwenzake ambayo hata kuchemshwa hayakuchemshwa bado ni uji. Kumuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo. Baadaye akiwa Mkwawa kule Iringa akauliza tena, mwalimu akasema hiyo itakuwa Fizikia ya Mpemba, na darasa likaufanya ndo utani wao. Hakunyamaza. Alipokuja Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama, maji ujazo sawa, moja nyuzi 35 na lingine nyuzi 100, mbona la nyuzi 100 linaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa, mpaka leo dunia nzima inaliita jambo hili kwa jina la huyo kijana.

Na raha yake ni kwamba kesi haijafungwa. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa huko huko, Burridge na Linden, wakapima upya wakasema wao hawalioni. Kwa hiyo hata wewe mwalimu huna jibu mfukoni, na watoto wakijua ticha hajui jibu utaona wanavyochangamka.

Sasa fanya hivi. Kwanza usieleze chochote, uliza tu: la moto na la baridi lipi litaganda mwanzo, au sawa? Wapige kura kwa mikono, andika idadi ubaoni. Halafu dakika mbili kila mtu abishane na wa dawati lake, kisha kura ya pili. Eric Mazur pale Harvard amefundisha Fizikia kwa mtindo huu wa kupiga kura mara mbili tangu 1991 na hauhitaji hata kifaa kimoja, ni mikono tu, watu wanakuja kuununua kwenye apu wakati mikono wanayo.

Kisha vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji mmepima kwa sirinji ile ile, kimoja ya bombani kingine yametoka kuchemka (haya mimina wewe mwenyewe, usimwachie mtoto). Friza kama shule haina ongea na mwenye duka la soda au mama anayeuza barafu hapo jirani. Tafuta vile vipimajoto vya dijitali vyenye waya mrefu, vya kupimia friji, maduka ya elektroniki wanavyo, ncha ya waya inazama kwenye kikombe, kioo kinabaki nje ya mlango. Simu yako iegeshe mbele ya hivyo vioo viwili, iweke ile modi ya kujipigia picha yenyewe kila baada ya muda. Simu usiiingize ndani ya friza jamani, betri haipendi baridi.

Kesho yake ndo projekta inapata kazi. Unarusha picha moja moja ukutani, mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anaingiza kwenye laptopu, na mstari wa grafu unakua wanauona. Hapo jiandae kwa ugomvi, maana lazima atatokea mmoja aseme hii imeshaganda, mwingine aseme bado juu tu ndo kuna barafu, katikati maji. Waache! Kuganda ni kufika nyuzi 0, ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni kikombe kizima kuwa jiwe? Wanasayansi wenyewe wamegombana hapo hapo. Lakini usitoe jibu, waambie wakubaliane, waandike, warudie.

Najua utaniambia silabasi haitaisha. Itaisha. Hujaambiwa kila kipindi kiwe hivi, mara moja kwa kila mada kubwa inatosha, siku zingine fundisha ubaoni kama kawaida, na mtihani wa taifa una karatasi ya vitendo ambayo watoto wengi wanaiogopa kwa sababu hawajawahi kushika kitu. Ukifika kwenye umeme chukua majaribio ya PhET, ya kuigiza kwenye kompyuta, yale aliyoyaanzisha Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, unayashusha mara moja ukipata mtandao, unayatembeza kwenye flashi, yanafunguka bila bando. Ila na yenyewe sheria ni ile ile, kabla hujabonyeza swichi uliza kwanza, balbu ya pili ikiongezwa ya kwanza itapungua mwanga au la, mikono juu.

Salaam aleikum mwalimu. Binti yangu yuko gredi ya 7 hapa Mombasa. Kila wiki huja na kazi ya "fanya utafiti". Utafiti wenyewe ni kwenda saiba, kuprinti kurasa tatu, kubandika kwa karatasi ya manila. Pesa zaenda, mtoto hata hajasoma alichoprinti. Juzi ilikuwa ni mwezi na bahari. Na zile tableti za serikali ziko wapi? — Mama wa binti, Mombasa

Waaleikum salaam dada yangu. La tableti tulimalize upesi, zile zilizoanza kugawiwa 2016 zililenga watoto wa darasa la kwanza, kwa hivyo gredi ya 7 usizingoje.

La saiba una haki kabisa ya kulalamika. Mtaala wa umilisi ukiufungua kila mada ina sehemu ya maswali dadisi, na hilo ni jambo zuri sana, sema likifika darasani lenye haraka linageuka kuwa "nendeni mkatafute kwa intaneti". Mtoto akitumwa akalete jibu ambalo tayari limeandikwa pahali atalikopi, na mimi ningelikopi.

Mwezi na bahari, na nyinyi mko Mombasa! Mbona kazi yenyewe iko mlangoni. Simu yako moja yatosha. Chagua ngazi au nguzo moja inayofikiwa na maji, pahali salama, wewe au mtu mzima mwingine awe naye, apige picha ya nguzo ile ile saa ile ile kila siku kwa wiki mbili, simu inahifadhi tarehe na saa yenyewe. Kabla ya kuanza aandike kwa daftari anavyodhani: saa moja za asubuhi maji yatakuwa pale pale kila siku ama yatahama? Picha zikiwekwa kwa mstari ataona yanahama, kwa sababu kujaa kwa leo na kujaa kwa kesho kumepishana kama dakika 50. Sasa ndio ana swali la kweli, hizo dakika 50 zatoka wapi, na hapo akiingia kwa intaneti kusoma kwamba mwezi nao huchelewa kuchomoza kila siku kwa kiasi hicho hicho kwa wastani, atasoma kwa hamu kwa kuwa anatafuta kitu chake.

Kisha mpeleke kwa mvuvi. Amuulize lini ni bamvua (maji yajaapo na kupwa sana) na lini ni maji mafu (yasogeapo kidogo tu), arekodi sauti kwa simu (kwa ruhusa ya mzee bila shaka), halafu alinganishe alichoambiwa na picha zake na mwezi ulivyokuwa usiku huo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo bamvua, katikati maji mafu, mzee huyo hakusoma kwa kitabu. Kuna jedwali la maji ya bandari pia, hilo liwe la mwisho, la kujisahihishia.

Kwa mwalimu usiende na lawama, nenda na hizo picha. Mwambie tumejaribu hivi, waonaje darasa zima wagawane, hawa wapige asubuhi wale jioni. Wengi wa walimu wetu wana mzigo mkubwa na hawakupata mafunzo ya kutosha, ukimletea kitu kilicho tayari atakishukuru. Akikataa, basi angalau binti yako ameijua bahari yake na mia mbili za saiba zimebaki kwa mkoba.

Shikamoo ticha. Nafundisha Baiolojia Dar, shule ya kutwa. Kidato cha nne wananiletea kazi zimeandikwa na ChatGPT, naona kabisa hii lugha si ya huyu mtoto. Nipige marufuku? — Mwalimu kijana

Marahaba. Piga, halafu utamfuata nani nyumbani kwake saa nne usiku? Badilisha swali. Ukisema "eleza mambo yanayoathiri ukuaji wa mimea" umeiuliza mashine, mtoto ni tarishi tu. Sema hivi: chukua kamba, tengeneza mraba wa mita moja kwa moja, uweke mara tano kwenye nyasi upande wa ukuta wenye kivuli na mara tano upande wa jua, hesabu aina za mimea, piga picha kila mraba. Hayo majibu hayapo kwenye mashine yoyote kwa sababu ukuta ni wa shule yako.

Halafu ChatGPT yenyewe iite darasani, mchana kweupe. Iulizwe itabiri watakuta nini, jibu lake liprintiwe, watoto walisahihishe kwa kalamu nyekundu wakishika hesabu zao mkononi. Kwa ninavyoona mimi wanafunzi wanaiamini hiyo kitu kwa sababu inaongea bila kusita, wakiikamata imekosea mara moja tu kuhusu nyasi walizozihesabu wenyewe, dawa imeingia. Na ikipatia nayo ni sawa, waseme imepatia kwa nini.

Ticha, sisi huku nje kidogo ya Songea umeme hatuna, mtandao mpaka upande kilimani, simu ya maana ni ya kwangu peke yangu. Hiyo teknolojia yenu inatuhusu nini? — Mwalimu wa Hisabati

Inakuhusu, na nina kazi ambayo wewe wa Songea unaifaidi kuliko mtu wa mjini. Tafuta mwalimu mwenzako Arusha. Arusha na Songea ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini kusini, na siku za kwanza za Oktoba jua la mchana linapita karibu kabisa juu ya utosi wa watu wa Arusha, fimbo yao inakuwa kama haina kivuli. Siku hiyo hiyo kwenu kivuli kipo. Uliza darasa: kwa nini, na jua ni lile lile moja? Acha wabishane, atatokea wa kusema Songea ni baridi, andika na hilo.

Fimbo ya mita moja, isimame wima, hakikisha kwa uzi wenye jiwe. Kuanzia saa sita kamili mpaka saa saba kasoro kumi weka alama mwisho wa kivuli kila dakika tano, kilicho kifupi kuliko vyote ndo cha kutumia. Wewe utapata kama sentimita 13. Piga picha, panda kilimani kwako jioni, tuma kwa WhatsApp, pokea ya Arusha. Sasa watoto watafute pembe kwa tanjiti, itakuja digrii 7 na kitu, kisha waulize ni sehemu ya ngapi ya 360, na umbali wa mstari ulionyooka, kama kilomita 810, waupime kwa rula kwenye atlasi. Wakizidisha watapata mzingo wa dunia nzima, 39,000 na kitu, na wa kweli ni kama 40,000. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa zamani, alifanya hesabu hiyo hiyo Misri, kati ya Aswan na Aleksandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na pembe yake ilikuwa karibu sawa na yenu.

Angalizo. Kosa la sentimita moja kwenye kivuli linawasogeza kama kilomita 3,000, kwa hiyo makundi matatu yapime na kila kundi litetee namba yake. Kilomita za basi msitumie, barabara inazunguka mno. Mkichelewa wiki moja mbele na jua likawa katikati yenu, vivuli vitaelekea pande tofauti, hapo pembe mnajumlisha. Na kama humjui mwalimu yeyote Arusha niandikie kabla ya Septemba kuisha, hapa nina barua mbili za walimu wa huko wanaolalamika kama wewe, nitawaunganisha.