Maswali na majibu: Kulipia tangazo la kitabu cha bei ya punguzo

Safari hii maswali yametoka kwa waandishi waliojichapishia vitabu vya kielektroniki ambao sasa wanataka kuvishusha bei kwa siku chache na kulipia huduma za kuvitangaza.

Nikilipia huduma hizi, nauziwa nini hasa?

Unauziwa nafasi ndogo ndani ya barua pepe ya siku moja. BookBub, Freebooksy, Bargain Booksy, The Fussy Librarian, Ereader News Today na nyinginezo zina orodha za wasomaji waliojisajili wenyewe ili wapate habari za vitabu vya bei ya chini au vya bure, na kila mmoja amechagua aina anazopenda: mapenzi, upelelezi, fantasia, historia. Siku yako ikifika, wasomaji wa aina yako wanapelekewa jalada, maelezo ya sentensi mbili tatu, bei na linki ya duka. Huduma haishiki kitabu chako wala haiwezi kukibadilisha bei. Kushusha bei ni kazi yako, na ukisahau, tangazo litatoka vilevile.

Ada hutofautiana kulingana na aina ya kitabu na bei utakayouza. Orodha ya upelelezi ina watu wengi kuliko ya mashairi, kwa hiyo ni ghali zaidi. Huduma ndogo hutoza makumi ya dola. Kwa BookBub ada inaweza kupita dola 1,000. Wapo wanaojaribu kukwepa ada kwa kukiingiza kitabu cha mapenzi kwenye orodha nyingine iliyo nafuu. Hiyo ni hasara ya kujitakia: umelipa kidogo kuwafikia watu ambao hawakuomba kitabu cha aina yako.

Ada ni dola 60. Niuze nakala ngapi ili fedha yangu irudi?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo wengi hupotelea. Tuchukue Amazon. Kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kulipwa mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi, wa asilimia 70. Ukikishusha kwa mkono hadi dola 0.99, mrabaha unaanguka hadi asilimia 35, yaani senti 35 kwa nakala. Gawanya 60 kwa 0.35: unahitaji nakala 172.

Kama kitabu kimo kwenye KDP Select, mpango wa hiari ndani ya KDP (jukwaa la Amazon la kujichapishia), tumia Kindle Countdown Deals, ofa zake za punguzo la muda, badala ya kushusha kwa mkono. Humo unabaki na asilimia 70 hata kwa bei ya 0.99. Lakini usikimbilie kuzidisha 0.99 kwa 0.70. Kwenye mrabaha wa asilimia 70, Amazon hukata kwanza gharama ya kufikisha faili, senti 15 kwa kila megabaiti kwenye soko la Marekani, ndipo inapiga asilimia. Riwaya ya maandishi matupu yenye MB 0.8 inakatwa senti 12, zinabaki 87, nawe unapata kama senti 61. Nakala 99 zinarudisha dola 60. Riwaya hiyohiyo ikiwa na picha nzito za mapambo mwanzoni mwa kila sura, faili ikafika MB 2.8, inakatwa senti 42 na unabaki na senti 40 tu. Sasa unahitaji nakala 150. Nakala 51 za ziada zimeliwa na maua ya mwanzo wa sura! Kabla ya kulipia tangazo lolote, fungua ukurasa wa bei kwenye KDP uone ukubwa wa faili uliopimwa na Amazon, kisha bana picha na upakie upya.

Masharti ya hizo Countdown Deals ni yapi? Nilijaribu kupanga, ikakataa.

Mara nyingi inakataa kwa sababu ya tarehe. Kitabu lazima kiwe kimekaa KDP Select angalau siku 30, na bei yake isiwe imeguswa kwa siku 30 kabla ya ofa. Baada ya ofa, bei haiguswi tena kwa siku 14. Ofa haizidi siku 7. Kila kipindi cha siku 90 cha KDP Select unachagua kimoja: Countdown, au siku 5 za kugawa bure. Ukishatumia siku moja ya bure, Countdown imefungwa mpaka kipindi kijacho.

Tena, Amazon.com na Amazon.co.uk hupangwa kila moja peke yake. Ukipanga ya Marekani tu, msomaji wa Uingereza atabofya tangazo na kukutana na bei kamili. Na kumbuka kwamba KDP Select inataka kitabu cha kielektroniki kisiuzwe kwingine kokote. Ukiwa bado unauza kwenye maduka mengine kama Kobo au Apple Books, njia hii si yako.

Barua pepe imetoka asubuhi, bei yangu bado ni ya zamani. Nifanye nini?

Wajulishe huduma saa hiyohiyo. Baadhi watakubali kukusogezea tarehe, wengine watahesabu kuwa umekula siku yako. Kosa lenyewe lilifanyika kabla ya siku hiyo. Mabadiliko ya bei kwenye KDP yanaweza kuchukua hadi saa 72 kuonekana, na ofa za bure huanza usiku wa manane kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, si kwa saa yako. Ukibadilisha kwa mkono, fanya hivyo siku tatu kabla. Ukitumia Countdown au siku za bure, anzisha ofa siku moja kabla ya tangazo na uimalize siku moja baadaye, maana wapo wanaofungua barua pepe kesho yake.

Siku hiyo usijiangalizie bei kwenye akaunti yako na kuridhika. Amazon huonyesha bei kulingana na nchi ya akaunti. Mwombe mtu mwenye akaunti ya soko linalotangazwa akutumie picha ya ukurasa.

Dola 0.99 au bure kabisa?

Bure hupakuliwa sana na kusomwa kidogo. Watu hujaza vifaa vyao vitabu vya bure kama wanaoweka akiba ya njaa, na vingine havifunguliwi kamwe. Jingine: Amazon ina orodha mbili za mauzo, ya bure na ya kulipia. Ukishika nafasi ya juu kwenye ya bure, ofa ikiisha huhamii nayo upande wa pili.

Kwa hiyo bure ina maana pale ambapo kitabu ni cha kwanza cha mfululizo wenye vitabu vitatu au zaidi, na ukurasa wa mwisho una linki ya kitabu cha pili. Hapo hesabu inahamia kwenye vitabu vinavyofuata. Kama una kitabu kimoja tu, uza 0.99, au kaa na fedha yako mpaka uandike cha pili. Ushauri huu wa mwisho huwaudhi watu, lakini tunausimamia.

BookBub wamenikataa mara mbili. Kwa nini?

Wanachagua kwa mikono ya wahariri, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Wanataka punguzo la angalau asilimia 50, na kitabu kisiwe kimewahi kuuzwa kwa bei nafuu zaidi ndani ya siku 90 zilizopita. Waandishi wengi hujifungia mlango hapo: walikigawa bure mwezi uliopita, leo wanaomba nafasi ya 0.99.

Hawana idadi maalumu ya maoni ya wasomaji wanayoidai, ila kitabu chenye maoni manne kinashindana na chenye mia nne. Angalia pia jalada. Kwenye barua pepe linaonekana dogo kama stempu. Lipunguze hadi ukubwa huo kwenye skrini yako. Ikiwa jina la kitabu halisomeki, au huwezi kujua kama ni mapenzi au upelelezi, anzia hapo. Unaweza kuomba tena baada ya wiki nne. Vitabu vinavyouzwa kwenye maduka mengi, si Amazon peke yake, huwa na nafasi nzuri zaidi.

Nina bajeti ya huduma nne. Nizipange siku moja?

Hapana. Zitandaze, moja kwa siku, ndogo zitangulie na kubwa zifuate. Mauzo yanayopanda siku baada ya siku husaidia nafasi ya kitabu dukani kudumu zaidi kuliko yanayolipuka siku moja na kuzimika. Faida ya pili ni ya daftari: ukiwa na tangazo moja kwa siku, unajua nakala 40 za Jumanne zililetwa na nani. Ukizirundika, mwakani utalipia tena zote nne bila kujua ipi ilikula bure.

Nimeandikiwa na kampuni inayonihakikishia mauzo 500 na maoni 30 ya nyota tano.

Usilipe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: huduma yenye orodha ya kweli haina haja ya kukufuata, na haiahidi mauzo kwa sababu haiwezi kumlazimisha msomaji. Maoni ya kununua yanavunja kanuni za Amazon, na upakuaji wa roboti unaweza kufungisha akaunti yako, si ya waliokuuzia. Na akaunti ikifungwa, vitabu vyako vyote vinaondoka nayo.

Kitabu changu hakiko kwa Kiingereza. Zinanifaa?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Orodha hizi ni za wasomaji wa Kiingereza. Fedha hiyo ijenge orodha yako mwenyewe ya barua pepe.

Ofa imeisha. Kuna la kufanya?

Kama ulishusha kwa mkono, rudisha bei kwenye kila duka, hasa yale madogo unayoyasahau. Amazon huweza kufuata bei ya chini inayoiona kwa mshindani. Ukiiacha 0.99 Kobo, unaweza kupandisha bei Amazon leo na wiki ijayo ukakuta imeshuka tena bila wewe kugusa chochote.