Daftari lilikuwa juu chini

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alinisomea ukurasa mzima wa daftari lake la chekechea. Ba be bi bo bu, da de di do du, hakukosea hata moja. Nikampigia bibi yake simu kumpa habari njema. Bibi alipokuja kututembelea, ndiye aliyeona kwamba daftari limeshikwa juu chini.

"Huyu anaimba," akasema. "Bado hajasoma."

Huyo bibi ni mama yangu, na amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, lakini nilibisha. Akachana kipande cha boksi, akaandika "bu" peke yake. Mtoto akaanza kuchezesha midomo, ba, be, bi, bo, hadi akaifikia. Mama akaandika "babu", neno ambalo mtoto hulitamka kila siku. Kimya. Na kosa lilikuwa langu, maana kila jioni mimi ndiye niliyeshika kijiti na kuongoza wimbo.

Sisemi silabi ni mbaya. Kiswahili kina irabu tano tu, a e i o u, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo, kwa hiyo silabi zinatufaa kweli. Mtego ni ule mpangilio. Mtoto akishaukariri, haangalii tena maandishi. Ukitaka kujua kama wako anasoma, vuruga mpangilio: bo, di, ba, du. Utapata jibu papo hapo.

Mama alituanzisha upya, na wiki ya kwanza hatukugusa penseli. Ilikuwa masikio tu. "Nimeona kitu jikoni kinaanza na mmm." Mwiko! Mkaa! Mchele! Herufi aliitaja kwa sauti yake, mmm, wala si "em" wala "ma". Hata mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ulitilia mkazo sauti za herufi. Sisi wazazi ndio tumebaki na wimbo.

Baada ya masikio zikaja herufi, tena chache: irabu zote tano pamoja na m, k, t na l. Tuliziandika kwenye vizibo vya soda, herufi moja kila kizibo. Nilidhani ni kidogo mno. Lakini hesabu maneno yaliyomo humo: kuku, kaka, mti, moto, maua, meli, kiti, mkia. Wiki ya tatu alipanga vizibo sakafuni, akasoma "kuku amelala", akacheka. Hicho kicheko ndicho nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu kukariri hakuchekeshi.

Maneno yenye konsonanti zilizofuatana yalitusumbua zaidi. Dawa ya mama ilikuwa makofi. Mkate, makofi matatu: m-ka-te. Mbuzi, mawili: mbu-zi. Mbwa nayo mawili, m-bwa, na hapo hata mimi nilisita. Ng na ng' usizifundishe siku moja. Ngoma kwanza, imkae kichwani, halafu ndipo ng'ombe na ile ritifaa yake.

Kuandika kulianza na kidole kwenye mchanga uani. Baadaye nikamkatia penseli nusu, maana ndefu ilikuwa inamyumbia mkononi. Alichanganya b na d kwa miezi kadhaa. Nilimrekebisha bila kelele, na pole pole akaziweza. Mwandiko sikuujali kabisa. Kila Jumamosi nilimpa imla ya maneno matatu, hayazidi. Akiandika "mkte", simwambii amekosea, namwambia asome alichoandika. Mara nyingi anajigundua mwenyewe.

Jambo moja kwa wenye watoto kwenye shule za Kiingereza. Wa dada yangu alifundishwa majina ya herufi kwanza: ei, bii, sii. Akishika kitabu cha Kiswahili, kiti kinakuwa "kaiti" na meza inakuwa "miiza". Mtoto si mzito. Anatumia ufunguo wa mlango mwingine. Kama nyumbani mnaongea Kiswahili, msomesheni Kiswahili hapo nyumbani hata dakika kumi kwa siku. Akijua kuunganisha sauti katika lugha anayoielewa, hana haja ya kujifunza upya namna ya kuunganisha. Kiingereza kitamdai tahajia zake tu, ambazo kwa kweli ni za ajabu.

Kitu nilichosahau ni herufi kubwa. Tulizoea ndogo tu, kumbe mabango ya mtaani karibu yote ni kubwa. Ilibidi turudi kwenye vizibo. Tukawa tunasoma tukienda dukani, polepole, watu wakitupita. Siku moja akasimama mbele ya kaunta ya mangi, mwenye duka, akasoma kwa kuvuta: M-KO-PO KE-SHO. Akaniuliza mkopo ni nini, nikamweleza.

Asubuhi iliyofuata alinivuta mkono twende tukachukue pipi, maana kesho imefika.