Mateka wa Kijerumani Aliyeishi Miaka 40 kwa Jina Lisilo Lake

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Ndugu Mhariri, barazani kwetu mzee mmoja alitusimulia habari za askari wa Kijerumani aliyetoroka kambi ya mateka nchini Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaishi humo humo kwa jina la uongo mpaka akazeeka. Wengi wetu tulikataa. Tulisema haiwezekani mtu akae nchi yenye polisi wengi na karatasi nyingi kiasi kile pasipo kugunduliwa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, alikuwa anakimbia nini ilhali vita vilikuwa vimekwisha, na kwa nini hakufungwa alipojitokeza?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, mlikuwa na haki ya kushangaa, lakini mzee wenu alisema kweli. Mtu huyo aliitwa Georg Gärtner. Alizaliwa mwezi Desemba 1920 katika mji wa Schweidnitz, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani. Aliingia jeshini mwaka 1940, akapelekwa Afrika ya Kaskazini kupigana chini ya kikosi kilichojulikana kama Afrika Korps, na mwaka 1943, majeshi ya Ujerumani na Italia yaliposalimu amri nchini Tunisia, akawa mmoja wa maelfu kwa maelfu waliotekwa. Wengi wao walivushwa bahari ya Atlantiki hadi Marekani, nchi iliyokuwa na nafasi na chakula cha kuwatosha, na ambayo vijana wake walikuwa vitani huku mashamba yakikosa wa kuvuna. Hadi vita vinakwisha, Wajerumani zaidi ya 370,000 walikuwa wamezuiliwa katika kambi zilizotawanyika Marekani nzima, wakichuma pamba, wakikata miti na kufanya vibarua vya viwandani kwa ujira wa senti 80 kwa siku, waliolipwa kwa kuponi za kununulia vitu katika duka la kambi.

Kambi ya Gärtner ilikuwa Deming, katika jangwa la New Mexico. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1945 alitambaa chini ya malango mawili, akakimbilia reli na kurukia treni ya mizigo iliyomfikisha San Pedro, bandari iliyo karibu na Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 24. Ujerumani ilikuwa imesalimu amri tangu mwezi Mei, na Japani ilikuwa imetia saini siku 20 tu kabla ya usiku huo. Hii ndiyo sehemu ya kisa inayowatatiza wengi, nasi hatuna budi kukaa nayo kidogo, kwa sababu mateka hutoroka ili arudi kwao au arudi vitani, lakini huyu alitoroka kwa kuwa vita vimekwisha na zamu ya kurudishwa kwao inakaribia.

Kwao hakukuwepo tena. Mwezi Agosti 1945 wakuu wa mataifa yaliyoshinda, waliokutana Potsdam, waliiweka Silesia chini ya utawala wa Poland, na Wajerumani wakazi wa huko wakawa wanafukuzwa kwa mamilioni. Schweidnitz leo ni mji wa Poland uitwao Świdnica. Wakati huo eneo lote lilikuwa limekaliwa na majeshi ya Umoja wa Kisovyeti, na Gärtner aliamini kwamba akirudishwa atatoka mikononi mwa Wamarekani na kuangukia mikononi mwa Warusi. Hofu hiyo haikuwa ya kujitungia. Wajerumani waliotekwa na Warusi walifanyishwa kazi kwa miaka mingi, na kundi la mwisho halikurudi makwao hadi mwaka 1955 na mwanzoni mwa 1956, miaka 10 na zaidi baada ya bunduki kunyamaza. Kwa hiyo tusimhesabu mpumbavu wala mwoga kwa uamuzi wa usiku ule. Tunachoweza kumuuliza ni kuhusu miaka iliyofuata.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambazo ndizo zilizowafanya mkatae. Akiwa California alijiita Dennis Whiles, akajitungia maisha ya mtoto aliyelelewa katika nyumba ya yatima, na akapata kadi ya hifadhi ya jamii, ambayo namba yake ndiyo inayomwezesha mtu kuajiriwa na kulipa kodi nchini Marekani. Mtu wa leo anayepangishwa foleni kwa ajili ya kitambulisho cha taifa ataona ni muujiza, lakini haukuwa muujiza. Mpaka kuingia miaka ya 1970, mwombaji wa kadi ile alijaza fomu na kutaja mwenyewe jina, tarehe na mahali alipozaliwa, wala hakudaiwa cheti cha kuzaliwa kuthibitisha alichoandika. Lafudhi pia haikumfichua, kwa maana California ya wakati ule ilikuwa imejaa watu waliotoka kila upande wa dunia. Nchi ile kweli ilikuwa na karatasi nyingi, lakini karatasi ya kwanza ilitegemea neno la mtu mwenyewe, na baada ya hapo kila karatasi iliitegemea ile iliyotangulia.

Alianza na kazi za chini, kukata miti, kuosha vyombo na vibarua vya ujenzi. Baadaye akawa mwalimu wa kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi na mwalimu wa tenisi wakati wa kiangazi, kazi zinazomkutanisha mtu na wageni wapya kila wiki. Wakati huo huo picha yake ilikuwa imebandikwa na wapelelezi wa FBI katika ofisi za posta pamoja na za watu wengine wanaotafutwa. Mwezi Januari 1952 treni ya abiria iitwayo City of San Francisco ilikwama katika dhoruba ya theluji kwenye milima ya Sierra Nevada ikiwa na watu 226, nao wakazuiliwa humo kwa siku tatu. Miongoni mwa walioifikia kwa mbao za kutelezea alikuwamo Dennis Whiles. Kwetu sisi kitendo hicho ni ushahidi kwamba alikuwa ameanza kuishi kweli na majirani zake, kwa sababu mwenye kujificha tu angebaki nyumbani na kuwaachia wengine kazi ambayo kwa vyovyote ingeleta waandishi wa habari na wapiga picha.

Hakuwa peke yake mwanzoni. Zaidi ya Wajerumani 2,000 walitoroka katika kambi za Marekani, ila karibu wote walirudishwa ndani ya siku chache. Reinhold Pabel, aliyetoroka jimboni Illinois mwezi huo huo wa Septemba 1945, alifungua duka la vitabu Chicago kwa jina la Phil Brick na kuoa Mmarekani, hadi FBI walipomkamata dukani kwake mwaka 1953. Majirani walimtetea kwa nguvu, akaruhusiwa kuondoka kwa hiari yake, na baada ya miezi michache akarudi kihalali kwa mke na mwanawe. Kurt Rossmeisl alijisalimisha mwenyewe mwaka 1959 baada ya kuishi Chicago kwa jina la Frank Ellis. Kuanzia hapo Gärtner alibaki peke yake, mateka wa mwisho wa Kijerumani ambaye hajapatikana Marekani.

Tazama basi mwaka ule 1953. Kisa cha Pabel kiliandikwa magazetini, na kila aliyesoma aliona kwamba taifa halikuwa na kisasi na mtu wa namna hiyo. Sheria nayo ilikuwa wazi hata kabla ya hapo. Mkataba wa Geneva wa 1929 haukuhesabu kutoroka kwa mateka kuwa jinai. Aliyekamatwa aliadhibiwa kinidhamu tu, na adhabu yenyewe haikuruhusiwa kupita siku 30. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunao mfano wake hapa hapa nyumbani. Mwezi Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza huko Nanyuki ili wapande Mlima Kenya, wawili wao wakasimamisha bendera yao kwenye kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao. Walihukumiwa kifungo cha siku 28 za upweke, na mkuu wa kambi akawapunguzia hadi siku 7 kwa kuthamini walichokifanya. Kosa ambalo Gärtner alilikimbia kwa miongo minne lilikuwa na uzito wa aina hiyo. Ni kweli kwamba jina la bandia na karatasi za uongo vilikuwa jambo lingine, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo mambo hayo yalivyorundikana, hata siri yenyewe ikawa kosa kubwa kuliko kutoroka.

Uzito wa kisa hiki tunauona zaidi ndani ya nyumba yake kuliko kwenye seng'enge za kambi. Mwaka 1964 alimwoa mama mmoja aitwaye Jean, aliyekuwa na watoto wawili wa ndoa ya kwanza. Kwetu posa haipokelewi kabla wazee hawajauliza huyu ni wa nani, mjomba wake ni nani na kwao ni wapi. Jean aliolewa na mtu ambaye kwa upande wake hakukuwa na hata mmoja wa kuulizwa, na kwa miaka karibu 20 kila alipogusa habari za utoto wake alikuta mlango umefungwa. Mwanamke hahitaji kuwa mpelelezi ili ajue kwamba anafichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wakiishi Hawaii, alimwambia mumewe waziwazi kwamba ataondoka iwapo hatamweleza ukweli, na ndipo mume alipoeleza yote. Waandishi wengi wanapokisimulia kisa hiki humpitia Jean kwa sentensi moja, nasi tunaona huo ni upungufu, kwa kuwa FBI na picha zao za posta hawakumpata Gärtner. Aliyempata ni mkewe.

Baada ya hapo alimtafuta Arnold Krammer, profesa wa historia katika chuo kikuu cha Texas A&M aliyekuwa amefanya utafiti kuhusu mateka wa Kijerumani waliozuiliwa Marekani, na wakaandika pamoja kitabu cha maisha yake. Tarehe 11 Septemba 1985 alijitangaza mbele ya mtangazaji Bryant Gumbel katika kipindi cha asubuhi cha televisheni ya NBC. Zilibaki siku 11 kutimia miaka 40 tangu usiku wa Deming.

Hakushtakiwa. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hata mashtaka ya uhamiaji yalikosa mahali pa kushika, kwa sababu sheria humwadhibu anayeingia nchini kinyemela, lakini huyu aliingizwa na jeshi la Marekani lenyewe, chini ya ulinzi na bila ridhaa yake. Kambi aliyotoroka ilikuwa imefungwa zamani, na wenzake wote walikuwa wamekwisha kurudishwa Ulaya. Aliachwa akae na mkewe. Uraia hata hivyo haukumjia upesi, kwani aliapishwa mwezi Novemba 2009 akikaribia miaka 89. Alifariki tarehe 30 Januari 2013 huko Loveland, jimbo la Colorado.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila panaposimuliwa habari za Wajerumani waliojificha baada ya vita, wasikilizaji huvutiwa na ujanja wao, kana kwamba tunasimuliwa Sungura na Fisi. Hawa walikuwa askari wa Hitler. Eichmann naye alijificha kwa jina la bandia. Je, kuna tofauti gani kati yake na wengine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tunakushukuru kwa swali hili, na tunalijibu karibu na lile la kwanza kwa makusudi. Adolf Eichmann naye alikuwa mateka aliyetoroka. Vita vilipokwisha aliangukia mikononi mwa Wamarekani nchini Ujerumani, akajiandikisha kwa jina la Otto Eckmann, na mwanzoni mwa 1946, baada ya jina lake la kweli kutajwa katika mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa utawala wa Hitler, akatoroka. Aliishi kaskazini mwa Ujerumani akikata miti na kufuga kuku kwa jina la Otto Heninger, na mwaka 1950 akavuka kwenda Argentina kwa hati iliyomwita Ricardo Klement. Ukiangalia hatua peke yake, zinafanana na za Gärtner kwa namna ya kutisha: kambi, jina jipya, kazi ya msituni, maisha ya mtu wa kawaida.

Tofauti iko katika kile ambacho jina lilifunika. Gärtner alikuwa askari wa kawaida aliyetekwa uwanja wa vita, na hakuna mahakama wala mwathirika aliyemtaja kwa uhalifu wowote. Eichmann alikuwa afisa wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, aliyeratibu treni zilizowabeba Wayahudi kutoka pembe zote za Ulaya kwenda kuuawa. Ukiuliza kama tunaweza kukisoma kisa cha Gärtner kwa moyo wa huruma, jibu letu ni ndiyo, mradi tusisahau jeshi alilolitumikia lilipigania utawala wa namna gani, na mradi huruma hiyo tusiigawe kwa kila aliyejificha kwa sababu tu kujificha kwake kunasisimua.

Ziangalie pia njia walizojulikana. Wana wa Eichmann waliendelea kutumia jina la ukoo huko Buenos Aires, na mkubwa wao alijenga urafiki na binti wa Lothar Hermann, Myahudi aliyewahi kufungwa katika kambi ya Dachau na aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona. Mzee huyo asiyeona ndiye aliyeunganisha jina na habari alizosikia, akaandika barua Ujerumani, na kutoka huko habari zikawafikia Waisraeli. Tarehe 11 Mei 1960 Waisraeli walimkamata Eichmann alipokuwa akitoka kazini. Gärtner aliposema jina lake mbele ya kamera, hakuna aliyejitokeza kumdai chochote. Eichmann aliposimamishwa mahakamani Jerusalem mwaka 1961, mashahidi zaidi ya 100 walipanda kizimbani, mmoja baada ya mwingine, wakiyataja majina ya watu wao waliopakiwa katika treni zile.