Ganzi ya vidole ilianzia mgongoni

Siku ya tatu ya safari yangu ya kwanza ndefu kwa baiskeli, nilifika Korogwe nikashindwa kuhesabu hela ya chai. Noti nilikuwa nazo mkononi, naziona, ila kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa kama vya mtu mwingine. Mama muuza chai akajichukulia mwenyewe, chenji akaniwekea mezani.

Nilikuwa nimetoka Dar naelekea Lushoto. Baiskeli ya mtumba, usukani umenyooka kama mpini wa jembe, na begi la kilo kama kumi na mbili mgongoni. Keria nilikuwa nayo, nimefungia mkeka tu. Nilidhani tatizo ni vishikio, nikaenda kwa fundi karibu na stendi nikinuia kununua vingine vilaini zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Dar."

"Na begi umelibeba mgongoni? Sasa hiyo keria ya nini, mwanangu?"

Vishikio hata hakuvigusa. Alichukua kipande cha ubao akakilaza juu ya siti, kikaporomokea mbele. Pua ya siti ilikuwa imeinama; nadhani niliilegeza mwenyewe Chalinze nikitafuta nafuu ya makalio. Siti ikiinama unateleza kwenda mbele, na kinachokuzuia ni viganja vyako. Ukiongeza na begi linalokusukuma kutoka nyuma, mikono inafanya kazi ya nguzo kutwa nzima. Akalegeza nati, akaisawazisha siti hadi ubao ukatulia, kisha akakata tyubu kuukuu vipande virefu na kulifunga begi langu kwenye keria, kila mzunguko akiuvuta hadi mpira unalia. Kazi yote dakika kumi. Kumbuka wabeba mkaa unaowapita barabarani: hakuna hata mmoja anayejitwika gunia mgongoni.

Kuhusu ganzi yenyewe: kuna mshipa wa fahamu, uleule unaokupiga shoti ukijigonga kiwiko, unaoshuka hadi kiganjani upande wa kidole cha mwisho. Ukiegemeza kitako cha kiganja kwenye usukani huku kifundo kimekunjika, unaukandamiza saa nzima nzima. Kwa hiyo kifundo kinyooke na mkono, viwiko vilegee kidogo, na usisubiri ganzi ndipo uhamishe mikono. Mimi nahamisha kila nikipita nguzo kadhaa za umeme.

Lakini uhamishie wapi? Hapo ndipo usukani ulionyooka unapokwama. Dawa ya bei nafuu ni vipembe viwili vya kufunga mwishoni mwa usukani. Mkono unakaa wima, kama unamsalimia mtu, na mshipa unapumzika. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ule wa baiskeli za mashindano, una nafasi tatu nzuri: juu karibu na shingo ya usukani kwa kupandia mlima ukiwa umefungua kifua, juu ya breki kwa mwendo wa kawaida, na chini upepo ukiwa wa mbele. Ila wengi wanaununua kisha wanaufungia begi, taa, simu na chupa, hadi panabaki mahali pamoja tu pa kushika. Usukani si kabati. Mbele naweka kibegi kidogo cha hela, simu na karanga, basi.

Vingine vyote nyuma, na chini. Siku hizi natumia ndoo mbili za rangi zenye mfuniko, nimezitoboa na kuzifunga kwa boliti kila upande wa keria. Mvua haiingii, na jioni nageuza moja kuwa kigoda. Zito liende chini: spana, pampu, tyubu mbili, mchele. Nguo juu. Uzito ulingane pande zote mbili, la sivyo baiskeli inakuvuta upande na wewe unairudisha kwa mikono ileile unayojaribu kuipumzisha. Zisogeze nyuma kidogo pia, kisigino kisizigonge. Beba spoku chache za ziada. Gurudumu la nyuma ndilo linalozikata, hasa upande wa cheni.

Kwenye mteremko wa kutoka Lushoto kurudi Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona na makorongo, sahau habari ya kubadilisha nafasi: vidole vikae kwenye breki. Kamata, achia, kamata tena. Ukizing'ang'ania mfululizo, rimu zinachemka.

Ganzi ikiisha usiku huohuo, rekebisha siti na mzigo uendelee na safari. Ikikaa siku kadhaa, au mkono ukipoteza nguvu, pumzika na umwone daktari. Kidole changu kilichukua siku tisa. Nilijua kimerudi asubuhi nilipofunga vifungo vya shati huku naongea na mtu mlangoni.