Neti ya kitandani na "net" ya kwenye pakiti

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huuza dagaa wa pakiti hapa Mwaloni, Kirumba. Kila pakiti imeandikwa "Net Weight 500 g". Mwanangu wa kidato cha pili amefundishwa kuwa "net" ni wavu, na sasa ananiuliza kama huo ni uzito wa dagaa walipokuwa bado wavuni. Nimjibu nini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wake hakukosea, na mwanao ameuliza swali la mtu anayefikiri. Kilichomchanganya ni kwamba Kiingereza kina maneno mawili ya asili tofauti ambayo leo huandikwa na kutamkwa sawasawa, kama sisi tulivyo na kaa la moto, kaa wa majini na kukaa kitini.

"Net" ya wavu ni neno la kale la Waingereza wenyewe, lenye ndugu zake katika Kijerumani na Kiholanzi, na maana yake ni kitu kilichofumwa kwa nyuzi kikaachiwa matundu. Ndiyo iliyotuletea neti, yaani chandarua, na ndiyo iliyomo katika netiboli, mchezo ambao sisi tuliupa jina la pete tukaacha wavu wake. Imo pia katika intaneti, kwa kuwa kompyuta zilizounganishwa hufanana na nyuzi zilizofungwa vifundo; na neno letu mtandao, lililotokana na kutanda, linachora picha hiyohiyo kwa uzuri usiopungua.

"Net" ya pakiti ilitoka katika Kifaransa, na asili yake ni neno la Kilatini "nitidus", lenye maana ya kung'aa. Kutoka kung'aa ikawa safi, na kutoka safi ikawa kile kinachobaki baada ya kuondoa yasiyohusika. Kwa hiyo gramu 500 ni za dagaa peke yao. Ukiweka pakiti nzima kwenye mizani ukapata, tuseme, gramu 512, zile 12 ni za mfuko, na jumla hiyo Waingereza huiita "gross". Mshahara nao huenda vivyo hivyo: kodi na michango ikishakatwa, kinachobaki mkononi ndicho "net".

Mwonyeshe kwa mizani yako. Kiswahili chake ni uzito halisi, na ningependa sana pakiti zinazouzwa Mwaloni ziandikwe hivyo, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua, kwa lugha anayoisoma, analipia dagaa kiasi gani.