Maswali na majibu: Saa yako kwanza, puto baadaye

Barua za mwezi huu nimezisoma zote, na nusu yake zinauliza kitu kimoja: kifaa changu, ng'ombe wangu, puto langu liko wapi? Hakuna hata moja iliyoniambia saa ya mwulizaji inakosea kwa kiasi gani. Nimechagua nane. Zilizobaki majibu yake yamo humu humu.

*Sisi ni wanafunzi, Juja. Tutarusha puto lenye kitumaji kidogo cha LoRa (redio ya nguvu ndogo inayofika mbali). Tutaweka vipokezi vinne, Ngong, Rongai, Kikuyu na Kitengela, tupime mawimbi yanafika wapi mapema na wapi kwa kuchelewa, ndipo tujue lilipo. Saa tutachukua kwenye intaneti. Itafaa?*

Haitafaa, ila wazo ni zuri.

Mawimbi ya redio hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwa hesabu ya sokoni, mikrosekunde moja ni mita 300, na nanosekunde moja ni sentimita 30, rula ya mtoto wa shule. Sasa kompyuta yenu inachukua saa kwa bando la simu. Ikikosea milisekunde moja na nusu tu, na siku mbaya hukosea zaidi, puto lililo juu ya Ngong mtalikuta Mombasa likiogelea.

Nunueni moduli nne za GPS zenye pini ya mpigo wa sekunde. Ulizeni hiyo pini kabla ya kulipa, kwa sababu kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, utauziwa bodi ambayo mpigo umeishia kwenye kijitaa kinachomemeka na hakuna pa kuunga waya. Na tafadhali, saa msiisome kwenye maandishi yanayotoka kwenye waya wa data. Maandishi huchelewa, tena kila sekunde huchelewa kivyake. Mpigo wenyewe ndio wa kushika, ule ukingo ambapo umeme hupanda ghafla, ambao hata kwa moduli ya bei ya chini huwa sahihi kwa makumi ya nanosekunde.

Kati ya mpigo na mpigo mnategemea kristali ya kwatsi iliyo kwenye bodi. Kristali ya kawaida inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea mikrosekunde 20 ndani ya sekunde moja tu, yaani kilomita sita. Dawa haina gharama: hesabuni kristali imepiga mara ngapi kati ya mipigo miwili ya GPS, mjue leo inakimbia au inasinzia, kisha msahihishe. Fanyeni hivyo kila sekunde, kwani jua likigonga kisanduku, kristali hubadili mwendo.

Halafu kebo. Hili lilinichoma mimi mwenyewe South B, Nairobi. Antena ya GPS niliipandisha juu ya tangi la maji kwa mita 20 za kebo ya RG-58, na ile ya kupokea kitumaji ikabaki dirishani, karibu na kipokezi. Kitumaji cha majaribio tulikiweka juu ya ghorofa moja Pangani, mahali tulipopajua kwa mita. Wiki tatu nzima kila wastani ulikivuta kitumaji kuelekea nyumbani kwangu, kama mita 30. Nilibadilisha programu, nikabadilisha moduli, nikagombana na mwenzangu wa Pangani kwamba amekisogeza. Kumbe mawimbi ndani ya kebo ile hutambaa kwa theluthi mbili ya mwendo wa mwanga, nanosekunde tano kila mita. Mita 20 ni nanosekunde 100. Mpigo wangu ulikuwa unafika umechelewa, kwa hiyo saa yangu ilikuwa nyuma, na kila kitu kikaonekana kimenifikia mapema. Kurekebisha kulichukua mstari mmoja wa programu. Kuomba msamaha Pangani kulichukua muda zaidi.

Hata mkifanya yote hayo, LoRa yenye upana wa kilohezi 125 haina ukingo mkali wa kupimia. Tarajieni kosa la mamia ya mita, na msihuzunike. Vituo visipangwe mstari mmoja, vilizunguke puto. Kisha pakieni GPS ndani ya puto lenyewe, litume mahali lilipo, ndipo mlinganishe jibu lenu na lake. Bila jibu la kulinganisha nalo mtakuwa mnajipongeza tu. Kama moduli ni ya kampuni ya u-blox, iwekeni kwenye hali ya angani. Hali iliyotoka nayo kiwandani hukoma mita 12,000, na puto zuri hupita hapo likipanda.

Na hamkuuliza, lakini nawaambia: puto halirushwi kwa sababu Jumamosi kuna jua. Kuna ndege za viwanja vya JKIA na Wilson juu ya vichwa vyenu. Andikieni Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, kwa barua, mwalimu wenu akiwa ametia sahihi.

*Nitajuaje mtu yuko wapi kwa kutumia namba yake ya simu?*

Walioniuliza ni kumi na mmoja, kila mmoja akidhani ni wa kwanza. Hutajua, na mimi sitakufundisha. Mahali mtu alipo ni data yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Anayekuuzia programu ya kazi hiyo kwa elfu mbili anafuatilia mfuko wako. Kama simu ni yako na imeibwa, tumia huduma ya kuitafuta iliyomo ndani yake, kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio. Usiende mwenyewe kwenye nyumba uliyoonyeshwa. Ramani ya simu mtaa wa maghorofa haijui ghorofa ya pili na ya sita.

*Nina ng'ombe upande wa Kitengela, nimewavalisha kola za redio. Nguvu ya mawimbi ikishuka nusu, umbali umeongezeka mara mbili?*

La, mzee wangu. Mahali peupe kabisa, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hubaki robo. Hiyo ni ya kitabuni, na ng'ombe hajasoma kitabu. Akigeuka tu, mwili wake ukae kati ya kola na wewe, nguvu huporomoka na hajapiga hatua. Akisimama karibu na zizi la mabati, mawimbi hugonga yakarudi, na utaambiwa yuko mbali kumbe unasikia kengele yake. Nguvu ya mawimbi haipimi umbali. Nimeandika hivyo mara ngapi sijui.

Tumia mwelekeo. Tengeneza antena ya Yagi, ile inayosikia zaidi upande mmoja, kwa utepe wa chuma wa fundi seremala na bomba la plastiki. Kama kola zako ni za megahezi 433, nusu ya wimbi ni karibu sentimita 35, basi hata begani haisumbui. Usitafute pale sauti inapokuwa kubwa kuliko kote, kilele ni butu. Zungusha kushoto hadi ififie, zungusha kulia hadi ififie vile vile, kati yake ndiko aliko. Chora mstari kwenye ramani. Tembea nusu kilomita kando, rudia. Mistari inapokatana pana ng'ombe, au pana kola iliyokatwa, na hilo nalo ni habari.

*Saa yangu ya GPS ikiwaka asubuhi huwa imetangulia sekunde mbili, baada ya muda inajirudi yenyewe. Imeharibika?*

Ni nzima, ila imezeeka. Saa ya GPS haiongezi sekunde za marekebisho zinazoongezwa mara moja moja kwenye UTC, saa ya dunia nzima, kwa hiyo sasa imeitangulia UTC kwa sekunde 18. Moduli yako iliandikiwa programu enzi tofauti ilipokuwa 16, na ikiamka huanza na hesabu hiyo hadi setilaiti ziiambie mpya. Ujumbe mzima huchukua dakika 12 na nusu kuzunguka. Chai kwanza, vipimo baadaye.

*Nasikiliza kituo cha anga za juu cha kimataifa kwenye megahezi 145.8 kwa kidude cha USB cha kupokea redio. Kikipita juu ya Nairobi masafa yanahama, yanaanza juu yanaishia chini. Nibadilishe kidude?*

Usithubutu! Umeshika kitu bora kuliko vyote katika mchezo huu. Kituo kile kinakwenda zaidi ya kilomita saba na nusu kwa sekunde. Kikija kwako masafa hupanda kama kilohezi tatu na nusu, kikiondoka hushuka kiasi hicho hicho, sawa na king'ora cha ambulensi kinapokupita Thika Road. Andika masafa kila sekunde, uchore. Utapata mstari uliopinda mara mbili. Pale unapoteremka kwa kasi kuliko kote ndipo kilipokuwa karibu nawe zaidi, na ukali wa mteremko huo unakwambia karibu ni kiasi gani. Mpito wa juu ya kichwa huanguka kama ngazi, ule wa upande wa Tanzania chini kwenye upeo huteremka pole pole.

Oktoba 1957 Sputnik, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, ilipoanza kulia kwenye megahezi 20.005, William Guier na George Weiffenbach wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya hilo hilo, wakapata njia ya setilaiti kutokana na mhamo wa masafa pekee. Mwaka uliofuata mkubwa wao Frank McClure akawageuzia swali: kama njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji hawezi kujua yeye yuko wapi? Hapo ukazaliwa mfumo wa Transit, uliotangulia GPS. Na sisi si wageni wa mambo haya. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970.

Sasa ubaya. Kidude chako cha bei rahisi kinaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni. Kwenye 145.8 hiyo ni zaidi ya kilohezi saba, sawa na mhamo wote unaoupima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kosa lenyewe hutembea kidude kikipata joto. Kiwashe nusu saa kabla, usikiweke dirishani penye upepo, au ongeza pesa ununue chenye kristali iliyofidiwa joto. Ukitaka kuongea na kituo badala ya kusikiliza, kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na ishara ya wito, yaani jina lako la hewani, inayoanza na 5Z. Ukibonyeza kitufe bila hiyo, usinitaje.

*Mipigo ya GPS yangu ni mizuri mchana kutwa. Ikifika saa mbili usiku inaanza kuyumba, setilaiti zinapotea moja moja, karibu saa sita usiku inatulia. Jirani ana mashine?*

Mwache jirani. Tunaishi karibu na ikweta, na huku kwetu jua likishatua tabaka la juu la hewa lenye umeme hutokwa na mapovu. Mawimbi ya setilaiti yakipenya humo humeta kama nyota. Huzidi majira ya Machi na Septemba, na jua likiwa na madoa mengi. Kipokezi kinachosikia masafa mawili, na mifumo mingine pamoja na GPS, husaidia. Kisichosaidia ni kubadilisha antena kila jioni, jambo ambalo barua yako inasema umelifanya mara nne. Pima alfajiri.

*Bosi ameweka traka kwenye pikapu. Wapi napata kile kidude cha kuzima GPS?*

Ongea na bosi. Kidude hicho hakichagui, kitazima na ya ndege inayotua Embakasi. Tena traka ikinyamaza ghafla Mombasa Road, ndipo bosi atakapopiga simu.

*Mimi niko Umoja, mwenzangu yuko Nakuru. Tulirekodi ndege zilezile kwenye megahezi 1090, masafa ambayo ndege hutangazia mahali zilipo, lakini kumbukumbu zetu zinapishana saa sita kamili, dakika na sekunde zinalingana vizuri. Tatizo ni kristali?*

Kristali haikosei saa sita kamili. Mmoja wenu ameandika saa tatu asubuhi kama anavyoitamka, mwingine ameandika 9 kama ilivyo kwenye kompyuta. Na yule ambaye angeandika UTC angesema 6, wote watatu wakiwa wameiona ndege moja. Andikeni UTC, katika kila mstari wa kumbukumbu, na juu ya faili muandike kwamba ni UTC. Mpigie mwenzako leo mkubaliane. Na kama mtakutana kuzungumza, mwambie ni saa ngapi kwa maneno, siyo kwa tarakimu.