Bei mliyotajiwa si bili mtakayolipa

SWALI: Shikamoo mama. Baba yetu, mwenye miaka 64, ana ngiri ya kinena. Hospitali ya umma wamempa tarehe ya upasuaji, lakini ni baada ya miezi minne. Hospitali binafsi wako tayari wiki ijayo, ila bei yao ni karibu mara tano. Dada anasema tukope, afya haina bei. Kaka anasema ni kutupa fedha bure kwa sababu daktari ni yule yule, anafanya kazi kote kuwili. Akiba ya familia ninaitunza mimi, na wote wananitazama. Tufanyeje?
Kifungua Mimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe baba pole. Kabla ya fedha, mwulizeni daktari mpasuaji swali moja: je, ngiri hii inaweza kusubiri? Kwa wanaume wengi ambao haiwasumbui sana, kusubiri huku wakiangaliwa ni jambo linalokubalika kitabibu. Lakini uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na kuuma, au baba akaanza kutapika, hiyo ni dharura. Hapo msikae kikao cha familia. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, usiku huo huo.

Akiambiwa anaweza kusubiri, basi tuhesabu. Hiyo mara tano yenu siiamini bado, kwa sababu hamjui kila bei imebeba nini.

Nilikaa dirisha la malipo la hospitali binafsi kwa miaka 11. Kuna baba mmoja simsahau. Alikuja kumtoa mkewe akiwa na karatasi aliyoandikia bei aliyotajiwa kwa simu, na fedha zake zimehesabiwa kamili. Bili ilikaribia mara mbili ya ile bei. Ile ya simu ilikuwa ya mpasuaji na chumba cha upasuaji tu. Mtaalamu wa usingizi alikuwa na malipo yake, vipimo vyake, dawa zake, na usiku wa pili wodini nao ulihesabiwa. Nilimsomea mstari kwa mstari. Kila mstari ulikuwa wa haki, na hakuna hata mmoja aliokuwa ameambiwa. Mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliliandika jambo hili mwaka 1963: katika tiba, anayeuza anajua mengi kuliko anayenunua, na mgonjwa hana budi kumwamini. Mimi nililiona usoni mwa yule baba, na nilitamani angeuliza mapema.

Kwa hiyo ombeni makadirio ya maandishi, yenye mhuri. Kwa ngiri, ulizeni hasa kuhusu wavu anaowekewa mgonjwa kuimarisha pale palipolegea: umo ndani ya bei au mnanunua? Ulizeni idadi ya siku za kulazwa, kliniki ya kukagua kidonda, na amana inayotakiwa kabla ya kulazwa. Kisha ulizeni swali ambalo watu huliogopa: likitokea tatizo, mgonjwa atabaki hapa au atapewa rufaa? Hospitali ndogo isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi itampeleka kwingine, mara nyingi huko huko kwa umma mlikokukimbia, nanyi mtalipa mara mbili.

Baadaye nilifanya kazi ofisi ya fedha ya hospitali ya umma, na huko gharama hujificha kwingine. Vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, vikiisha, mnapima nje. Dawa ikikosekana, mnanunua duka la nje. Tarehe inaweza kuahirishwa asubuhi ile ile, mgonjwa yuko tayari na hajala, kwa kuwa mama mjamzito mwenye dharura amechukua chumba. Anayemuuguza anapoteza siku za kazi ambazo hakuna risiti inayozitaja. Ongezeni hayo yote kwenye bei ya umma ndipo mlinganishe. Mara nyingi pengo hupungua, lakini kwa upasuaji sijaona likiisha.

Kaka yako ana ukweli kidogo. Wapo madaktari wanaofanya kazi pande zote mbili, na baadhi ya hospitali za umma zina wodi ya kulipia, ambako foleni ni fupi na bei iko katikati. Ulizeni kama ipo.

Kwa dada yako nasema kwa upendo: mkopo nao unaumiza. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, familia iliyotumia kwa matibabu zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote ilihesabiwa kuwa imebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Chukua matumizi yenu ya mwaka, ugawe kwa kumi. Makadirio ya hospitali binafsi yakivuka hapo, na daktari amesema ngiri inasubiri, mimi ningebaki kwa umma na kuiweka akiba kwa ajili ya dawa na vipimo vya nje. Hata bei ya umma ikiwashinda, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya upasuaji. Wengi walinijia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na wakati huo msamaha wa malipo ni mgumu kupatikana.

Na hata mkiamua kwenda binafsi, ile tarehe ya miezi minne msiifute mpaka baba awe ameshafanyiwa upasuaji.